Tume Ilipokuja Kunywa Maji kwa Bi Zamda

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha! Ni kwamba jina lenyewe limebadilishwa mara nyingi mno na sina hakika la wiki hii ni lipi. Lakini ni nchi nzuri, anayebisha akawaulize wanaoitawala. Huko hakuna matatizo. Yalikuwepo zamani, yakapigwa marufuku. Siku hizi kuna changamoto tu, na kila changamoto imeundiwa ofisi yake, na kila ofisi ina mapazia mazuri ya kijani.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Pangoni, aliishi mama mmoja mkaanga maandazi aitwaye Bi Zamda. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na kisima nyuma ya nyumba. Binti yake yuko nchi za watu analea watoto wa wenzake, na wa kwake mwenyewe, Raziki, kamwachia bibi. Raziki alikuwa msichana wa umri ule wa kung'oka meno ya mbele, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko majibu yaliyopo nchini.

Nyuma ya ukuta wa Bi Zamda kulikuwa na kituo cha mafuta. Kituo hicho hakikuwa na mwenyewe. Ukimwuliza mtu ni cha nani, alitazama juu, akatazama pembeni, kisha akakwambia hajui, huku amekaza mwili kama askari. Matangi yake yalifukiwa ardhini zamani sana, na tangu yafukiwe hakuna aliyeyatia machoni. Serikali ilisema huo ndio ushahidi kwamba ni mazima, maana tangi bovu lingekwisha kuonekana.

Basi maji ya kisima yakaanza kunuka petroli. Mwanzoni ilikuwa harufu ya mbali, ya kusingizia upepo. Baadaye chai ikawa na utando wa rangi rangi juu yake, tena wa kupendeza. Wateja wakafanya mzaha: "Bi Zamda, nipe mawili ya petroli na moja la dizeli." Akacheka nao. Kisha wakaacha kuja, naye akaacha kucheka.

Hayo yote angeyameza. Lililomtoa roho ni Raziki. Mtoto akawa anaamka na kichwa kinagonga, akila anatapika, midomo imepasuka, viwikoni vidonda visivyokauka. Bi Zamda akambeba mgongoni mpaka zahanati, kule juu kilimani, na mganga alipomaliza kumtazama alivua miwani.

"Bibi, mtoto huyu asinywe tena maji ya kisima chako. Akiendelea ini litakwisha, na mimi hapa sina dawa ya ini. Nina panadoli na kalenda."

Zahanati ilikuwa na bomba, na kila kaya isiyo na maji iliruhusiwa kuchota kidumu kimoja kwa siku. Bi Zamda akawa anapanda kilima kila asubuhi na kushuka na kidumu kichwani. Maji yale yalikuwa ya Raziki peke yake. Yeye mwenyewe alikunywa ya kisimani, akikunja uso, akijiambia kwamba mwili wa mtu mzima umeshazoea mengi.

*

Sasa msije mkadhani hakulalamika. Alilalamika kwa utaratibu, tena alivaa viatu.

Nchi ile ina Wizara ya Mambo ya Juu ya Ardhi na Wizara ya Mambo ya Chini ya Ardhi. Zamani ilikuwa wizara moja, lakini kukawa na shemeji wa mtu ambaye hajapata wizara. Bi Zamda akajaza maji ya kisima kwenye chupa ya juisi, akaenda Wizara ya Juu. Ofisa akafungua kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama, hii ni petroli!"

"Alhamdulillahi," Bi Zamda akashusha pumzi. "Umeona mwenyewe, baba."

"Una kibali cha kusafirisha petroli kwenye chupa ya juisi?"

"Si petroli, mwanangu. Ni maji ya kisimani kwangu."

"Kumbe ni maji?" Ofisa akafunga kizibo, roho yake imetulia. "Sasa kama ni maji, shida iko wapi?"

Bi Zamda akaeleza upya, akaeleza na habari za mtoto. Ofisa alimsikiliza kwa huruma ya kweli, hata akampa kiti. Akamfafanulia kwamba harufu iko juu ya ardhi, kwa hiyo ni yao na wataishughulikia, ila maji yenyewe yako chini, awaone wenzao. Wenzao wa Wizara ya Chini wakaitazama chupa wakasikitika sana. Maji haya, walisema, yalikuwa chini na yalikuwa mali yao mpaka pale mama alipoyateka. Sasa yako juu. Kwa nini aliyateka?

"Nilitaka myaone," Bi Zamda akasema.

"Ungetuita tukayaone yakiwa huko huko chini."

"Haya basi, njooni."

"Kwenye kisima?" Wakatazamana. "Mama, mdomo wa kisima uko juu ya ardhi. Sisi tukipita hapo tutakuwa tumeingilia wizara ya watu."

Alirudi nyumbani na chupa yake. Njiani alilia kidogo, kisha akanunua ndizi moja ya Raziki, akafuta uso.

Pengine habari ingeishia hapo kama si chafya. Siku moja msafara wa Mkuu wa Nchi ulipita Pangoni, madirisha wazi, Mkuu akipunga mkono, na alipofika usawa wa kituo cha mafuta akapiga chafya. Ilikuwa chafya moja tu, lakini ilirushwa moja kwa moja redioni. Nchi nzima ikasimama. Jioni ile ile ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Chafya, ikapewa magari, ikapewa mamlaka ya kupima udongo na maji ya eneo lote lile, juu na chini ya ardhi. Bi Zamda aliposikia redioni alipiga vigelegele peke yake jikoni. Alidhani Mungu amempigisha chafya yule mtu kwa ajili yake.

*

Mjumbe wa mtaa aliitwa Pazi, jirani mwema, mtu wa kusaidia misibani. Alikuja mbio, karatasi hana, kalamu hana, habari imejaa kifuani.

"Dada Zamda, wageni! Tume nzima inakuja kwako! Mwenyekiti ni Mheshimiwa Chambuso mwenyewe!"

"Waje. Waone na wanuse."

"Wanuse?" Pazi akashika kiuno. "Dada, wewe una akili timamu? Watu wametoka mjini na suti zao, waje kwetu wanuse?"

Na hapa ndipo inabidi niwaeleze jambo moja la watu wa nchi ile, maana bila hilo hamtawaelewa. Wale watu wana adabu ya wageni isiyo na mfano. Mgeni akija hospitali, wagonjwa hutandikiwa shuka mpya, na akiondoka shuka huondoka nazo. Mgeni akija shule isiyo na madawati, madawati huazimwa shule ya jirani, na kesho yake mgeni akienda shule ya jirani madawati humtangulia. Hakuna anayemdanganya mtu. Ni aibu tu, mgeni akukute ulivyo.

Kwa hiyo malori yakaja. Yalimwaga ukutani kwa Bi Zamda udongo mwekundu kutoka bonde la mto, udongo laini, wa kufinyangia chungu. Lakini kwanza vijana wa mtaa walifukua ule wa zamani, mweusi unaoteleza, ulionuka hadi wakajifunga vitambaa puani. Walichimba mpaka shimo likamfika mtu mrefu kifuani. Waliimba wakichimba. Wengi wao walikuwa na watoto wanaokunywa kwenye visima vya mtaa huo huo, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Baada ya udongo wakapanda maua. Baada ya maua likaja boza la serikali, likanyonya maji ya kisima likaenda kuyamwaga korongoni, kisha likarudi na maji safi likakijaza kisima mpaka juu.

"Pazi, ndugu yangu," Bi Zamda akasema, sauti imekwisha. "Sasa watapima nini?"

"Watapima mtaa wetu ulivyo msafi."

"Lakini si wamekuja kutafuta uchafu?"

"Ndiyo. Wakiukuta, sura zetu tutaziweka wapi?"

Bi Zamda hakuwa mjinga. Boza lilipokuwa bado linapiga kona kuja kunyonya, alikuwa ameshateka ndoo moja ya maji yale yenyewe, akaifunika na ungo, akaificha chini ya kitanda. Chumba kizima kikanuka gereji. Akamwambia Raziki, "Hiyo usiiguse. Hiyo ndiyo itakayotuokoa." Kisha, na hili nalisema kwa kuwa ni kweli, akachukua ufagio akafagia uwanja kwa ajili ya wageni, akafagia vizuri, akanyunyiza na maji vumbi lisiwasumbue.

*

Siku ilipofika, Tume ilishuka kwenye magari kwa mpangilio wa vyeo, hivyo ilichukua muda. Mwenyekiti Chambuso alikuwa mzee mnene, mfupi, mwenye kofia ya kiua na fimbo ya pembe. Nyuma kabisa, baada ya mbeba mwavuli, alishuka mtaalamu mmoja kijana aitwaye Lwitiko, kabeba chuma kirefu cha kuchimbia udongo, kile cha kuzungusha kwa mikono. Alikuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo, na ndiyo maana alikaa nyuma.

Mwenyekiti akahutubia maua.

"Ndugu wananchi! Chafya ya Mkuu ni chafya ya taifa. Na taifa halipigi chafya hivi hivi! Tumekuja bila upendeleo, bila woga, na bila chakula cha mchana, ingawa nasikia harufu ya pilau na siwezi kuwazuia. Tutachimba! Tutachimba mpaka ukweli uchoke kujificha!"

Makofi yakapigwa. Lwitiko akaingiza chuma chake ardhini pale ukutani, akazungusha, akakitoa. Udongo mwekundu. Akaunusa, akausugua vidoleni, akageuka kuyatazama maua. Akachimba tena. Chuma kilipofika kina fulani ofisa wa itifaki akamshika bega. Sheria ya nchi ile haimruhusu mtu kuchimba zaidi ya kimo cha Mwenyekiti wa tume, kwa sababu Mwenyekiti ndiye kipimo cha juu, na hakuna anayejua ingekuwaje ukweli ukakutwa umemzidi. Mheshimiwa Chambuso, Mungu amweke, alikuwa anamfika mtu mrefu kifuani.

"Udongo huu," akatamka Mwenyekiti akiwa ameushika kiganjani, "ningeweza kuuoa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Katikati ya kicheko hicho Lwitiko akajisogeza karibu na Bi Zamda, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mama, shikamoo. Udongo huu umeletwa, siyo?"

"Marahaba, mwanangu. Umeletwa."

"Na kisimani?"

"Wamejaza kwa boza. Lakini yale yenyewe ninayo ndani. Ndoo nzima."

Kijana akafumba macho kidogo. "Basi nisikilize, mama yangu. Ukiambiwa leta maji, leta hayo. Mzee akiyatia mdomoni tu, sheria inanipa ruhusa nifukue matangi yote nyuma ya ukuta huu, na hakuna wa kunizuia. Bila hivyo sina nguvu yoyote. Nakuomba sana."

Alikuwa anaomba kweli, jasho linamtoka. Maana katika nchi ile maji hayapimwi kwa kutumbukiza chupa kisimani kama wezi. Hapo zamani mtaalamu mmoja alifanya hivyo, mwenye kisima akaona ametukanwa, kesi ikaunguruma mpaka mahakama ya juu. Tangu hapo ni sheria. Mwenyeji huwakaribisha wageni maji kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti hunywa. Alichokionja ndicho kinachoandikwa, na kinachobaki kwenye jagi ndicho sampuli.

"Mama mwenye nyumba," akaita Mwenyekiti, "hutukaribishi maji?"

*

Bi Zamda aliingia ndani. Raziki alikuwa amelala mkekani, macho makubwa, kidumu cha zahanati kando yake. Bibi akapiga magoti, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda, akaondoa ungo. Harufu ikampiga usoni. Akateka kwa kata, akajaza jagi, akaweka glasi safi kwenye sinia, juu akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe siku za harusi yake. Mikono ilikuwa imara kabisa. Moyoni alisema, leo mtayajua.

Akatoka. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoazimwa, kavua kofia, anajipangusa kipara kwa leso. Bila kofia alikuwa mzee wa kawaida tu, mwenye masikio makubwa na kiu. Alipomwona anakuja aliinuka nusu, kama mtoto aliyefundwa.

"Ahsante, dada yangu. Unajua umenikumbusha marehemu mama? Alikuwa akileta maji hivi hivi, na kitambaa. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni, tena madaktari wamenikataza kukaa na kiu, figo hizi." Akanyoosha mkono, akafumba macho. "Bismillahi."

Na pale Bi Zamda akaona utando wa rangi ukicheza juu ya jagi, akamwona na yule mzee, mkono umenyooka, macho yamefumba, ameshamwamini. Mkono wake ukagoma. Aliuamuru umimine, haukumimina. Alifikiria matangi, akafikiria vidonda vya Raziki, akajitukana moyoni kwa maneno mazito, lakini tangu azaliwe hajawahi kumpa mgeni kitu ambacho asingempa mtoto wake, na mwili haukujua pa kuanzia.

"Samahani, baba," akasema. "Kuna mdudu kwenye jagi."

Akarudi ndani. Lwitiko aliyaona yote, akainamisha kichwa.

Maji safi ndani ya nyumba yalikuwa yale ya kidumu tu. Bi Zamda akayamimina yote, na kidumu akakiinamisha mpaka tone la mwisho, kwa sababu jagi la mgeni halipelekwi nusu. Raziki alikuwa anamtazama kutoka mkekani. Bibi hakuthubutu kugeuza uso upande ule.

Mwenyekiti alikunywa glasi ya kwanza bila kupumua, akaomba ya pili. Akafuta mdomo.

"Matamu!" akatangaza, na mwandishi wa Tume akaandika: matamu.

Mlaumuni, mkitaka. Mimi nilijaribu kumlaumu, nikamkumbuka mama yangu na sinia yake, nikashindwa.

Lwitiko akamimina yaliyobaki kwenye chupa ya sampuli polepole, na hapo ndipo akili ilipomrudia Bi Zamda, imechelewa kama kawaida ya akili. Akapiga kelele.

"Siyo hayo! Jamani, hayo si maji ya kisimani kwangu! Hayo nimeyatoa zahanati! Ya kwangu haya hapa!" Akakimbilia ndani, akatoka ameikumbatia ndoo, maji yanamchuruzika kifuani. "Nuseni! Kwa jina la Mungu, nuseni wenyewe!"

Lwitiko akainama juu ya ndoo, machozi yakamtoka, sijui ni ya petroli au ya nini. Mjumbe Pazi akajitwika mikono kichwani.

"Dada Zamda! Unawaambia wageni uliwapa maji ya kuomba? Umetuvua nguo!"

Mwenyekiti akainua fimbo, watu wakatulia. Alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha.

"Ndugu wananchi, mmeuona unyenyekevu wa mama huyu? Ametupa maji matamu, na bado anasema si mazuri! Ndivyo walivyotulea mama zetu. Pilau ya sherehe, utasikia, karibuni, hatukupika kitu." Watu wakaitikia kwa furaha. "Ama kuhusu hiki alichokileta sasa, Tume imekipokea kwa heshima. Lakini hadidu zetu za rejea zinazungumzia maji ya kisima. Haya ni maji ya ndoo. Ndoo itaundiwa tume yake."

*

Matokeo yalitangazwa redioni baada ya wimbo wa taifa. Udongo ni salama na wa kuvutia. Maji ni matamu. Chafya ya Mkuu ilitokana na sababu zake binafsi, ambazo ana haki nazo. Kisima cha Bi Zamda kikapewa cheti, kikapigiliwa kwenye kibao pembeni ya mdomo wake, chenye picha ya tone linalotabasamu. Kituo cha mafuta nacho kilipewa tuzo ya ujirani mwema, ikapokelewa na mtu aliyesema hajui anampokelea nani.

Kisha lori likarudi kuchukua udongo wake, maana bonde la mto nalo lilikuwa linatarajia mgeni. Ule mweusi ukarudishwa shimoni. Maua yaling'olewa yote yakiwa bado mabichi. Boza likaja mwisho, likateremsha mpira wake, likanyonya maji safi ya serikali kisimani hadi tope likaanza kukoroma. Bi Zamda alisimama pale akitazama. Kabla jua halijageuka, kisima kilikuwa kimeshaanza kujaa tena chenyewe, taratibu, kutoka upande wa ukuta.

Lwitiko alikuja kuaga. Amepandishwa cheo, alisema, anapelekwa kupima chumvi ya bahari, mahali ambapo haitatokea mtu abishe.

"Nisamehe, mama. Niliijua ile harufu tangu niliposhuka garini. Nimeisomea."

"Wewe nikusamehe nini, mwanangu? Jagi lilikuwa mkononi mwangu."

Akataka kumpa chai. Akakumbuka, akaacha. Kijana naye alikumbuka, akajifanya ana haraka.

Kesho yake Bi Zamda alipanda kilima na kidumu chake. Mshika bomba wa zahanati, mama aliyemzoea, alimwona kwa mbali akaanza kufuta mikono kwenye kanga kwa wasiwasi.

"Shoga yangu, mimi nifanyeje? Wamekuja wamesema. Bomba ni la kaya zisizo na maji. Wewe una kisima chenye cheti, cha pekee wilaya nzima."

"Kidumu hiki ni cha mtoto. Unamjua Raziki, wewe."

"Namjua. Namjua vizuri mno." Akalia, kweli akalia, huku ameegemea bomba kwa mgongo ili lisifunguke. "Wakikuona hapa wananifukuza kazi, na mimi nina wa kwangu. Nenda, shoga yangu. Nakuomba nenda."

Bi Zamda aliteremka. Alibisha hodi kwa Mjumbe Pazi. Pazi akampa kopo la maji kutoka mtungini mwake, kwa moyo mmoja, na Bi Zamda alipolisogeza mdomoni akakuta lina harufu ile ile. Pazi alikuwa haisikii tena. Alisema kwa mshangao kwamba wao wanayaona sawa tu, tena watoto wake siku hizi wanalala sana, hawasumbui.

Jioni alichemsha maji ya kisimani. Alijua hayatasaidia, mganga alishamwambia. Aliyachemsha hivyo hivyo, akayapooza, akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yatulie, akaengua utando kwa kijiko, ukarudi, akaengua tena. Raziki alikuwa ameomba maji tangu mchana. Ulimi ulikuwa mkavu unasikika akiongea.

Bibi akamletea kikombe. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akanusa, akakishusha magotini. Hakulia. Alikuwa anafikiria jambo, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Bibi."

"Naam, mama."

"Na mimi nitakuwa mgeni lini?"

Bi Zamda akakaa mkekani, akampakata, akamshikia kikombe, na mtoto, kwa kuwa alikuwa na kiu, akanywa.